Kuvuja kwa Pakacha: Uhakiki wa Lugha ya Ulinzi wa Mitihani, Lilongwe na Dzaleka

Utangulizi

Kuvuja kwa pakacha ni nafuu kwa mchukuzi. Wengi wetu huifundisha methali hii katika somo la fasihi simulizi. Tunawaeleza wanafunzi kwamba pakacha ni chombo cha makuti, kwamba mzigo ukidondoka njiani aliyeubeba huona wepesi, na kwamba hasara ni ya mwenye mali anayesubiri sokoni. Kisha tunaendelea na methali inayofuata. Ni nadra kuitumia mahali inapofaa kuliko pengine popote, yaani katika suala la kuvuja kwa mitihani ya taifa.

Makala hii ni uhakiki wa matini ambayo kila mwalimu amewahi kuisoma kwa sauti na kila mwanafunzi amewahi kuisikia, lakini ambayo hatuna desturi ya kuihakiki: lugha ya ulinzi wa mitihani. Tunamaanisha maelekezo kwa watahiniwa, kanuni za wasimamizi, na taarifa zinazotolewa mambo yanapoharibika. Hoja yetu ni kwamba kanuni isiyotaja wazi nani atende nini, au isiyoeleweka kwa yule anayeambiwa, hailindi kitu, hata kama mlangoni amesimama askari. Mifano yetu mikuu inatoka Malawi: kufutwa kwa mtihani wa sekondari mwaka 2020, jambo lililowaingiza wanafunzi wa Lilongwe barabarani, na hali ya watahiniwa wanaozungumza Kiswahili katika kambi ya wakimbizi ya Dzaleka. Mifano ya Tanzania na Kenya tutaiazima pale itakapotusaidia.

Yaliyotokea Malawi mwaka 2020

Nchini Malawi mitihani ya taifa iko chini ya baraza linalojulikana kwa kifupi kama MANEB, lililoanzishwa mwaka 1987 na lenye makao yake makuu Zomba. Mtoto hufanya mtihani wa kumaliza shule ya msingi, yaani PSLCE, akiwa darasa la nane, na ule wa kumaliza sekondari, yaani MSCE, akiwa kidato cha nne.

Mwaka 2020 shule zilifungwa mwezi Machi kwa sababu ya Uviko-19, na mtihani wa MSCE ukaanza mwezi Oktoba. Haukumalizika. Karatasi za masomo kadhaa zilikuwa zimekwisha sambaa katika simu kabla ya siku zake, na mwanzoni mwa Novemba serikali ikaufuta mtihani wote. Ilitangazwa kwanza kwamba ungerudiwa Machi 2021. Wanafunzi wakaandamana Lilongwe na katika miji mingine, nao polisi wakatumia mabomu ya machozi. Hatimaye tarehe ikasogezwa, na mtihani ukarudiwa Januari 2021. Waliofaulu walikuwa takriban asilimia 41, ilhali mwaka uliotangulia walikuwa takriban nusu.

Tusiharakishe kusema kwamba pengo hilo lote ni kipimo cha udanganyifu wa zamani. Kuna miezi ya shule kufungwa, na kuna uchovu wa kurudia kazi uliyodhani umeianza kuimaliza. Jambo la kuzingatia hapa ni jingine. Watahiniwa zaidi ya laki moja, waliochungulia na wasiochungulia, walirudishwa mwanzo kwa pamoja. Yule wa shule ya kata isiyo na umeme, ambaye hakuiona karatasi hata moja kabla ya siku yake, alilipa deni sawasawa na aliyeinunua. Mwenye mali alikuta pakacha tupu, na wachukuzi walikuwa wamekwisha tua mzigo.

Kuvuja na kuvujisha

Hebu tutazame kitenzi chenyewe. Katika magazeti na katika taarifa za serikali za ukanda wetu, sentensi iliyozoeleka ni "mtihani umevuja". Kitenzi "vuja" ni kitenzi sielekezi. Hakihitaji mtendwa, na kiima chake si mtenda kwa maana halisi. Paa huvuja, mtungi huvuja, mtumbwi huvuja. Hakuna anayekamatwa kwa sababu paa limevuja. Kauli ya kutendesha, "vujisha", ndiyo inayotulazimisha kuuliza: nani? Ukiandika "amevujisha mtihani", msomaji anasubiri jina, cheo, au angalau kazi ya mtu.

Sasa linganisha na sentensi ya pili iliyozoeleka: "watahiniwa wamedanganya". Hapa kiima kipo, kina uhai, tena kina namba ya mtihani. Sarufi imekwisha gawa hatia kabla ya upelelezi kuanza. Kosa la mtu mzima limepewa karatasi, na kosa la mtoto limepewa mtoto.

Mgawo huu haubaki katika sarufi tu. Nchini Tanzania, watahiniwa 9,736 wa darasa la saba walifutiwa matokeo mwaka 2011 kwa udanganyifu. Mwaka 2018, Baraza la Mitihani la Tanzania lilifuta matokeo ya darasa la saba ya shule zote za Halmashauri ya Chemba, mkoani Dodoma, pamoja na shule kadhaa za kwingineko, na watoto wakarudia mtihani tarehe 8 Oktoba. Nchini Kenya, watahiniwa 5,101 wa kidato cha nne walifutiwa matokeo mwaka 2015. Hatusemi kwamba watu wazima hawakuwajibishwa katika visa hivi. Tunachosema ni kwamba idadi inayokumbukwa na kutajwa kila mwaka ni ya watoto.

Kenya ndiko tunakoona badiliko la sarufi, kwa namna ya kusema. Baada ya aibu ya 2015, bodi ya baraza la mitihani la huko ilivunjwa Machi 2016. Karatasi zikawekwa katika makontena yenye kufuli mbili, na funguo zake zikashikwa na maafisa wawili tofauti, mmoja wa utawala na mmoja wa elimu. Wakuu wa shule wakafanywa wasimamizi wa vituo, wenye kuchukua karatasi wenyewe na kuzijibia wenyewe. Mwaka huo waliopata alama ya A katika mtihani wa kidato cha nne walikuwa 141, kutoka zaidi ya 2,600 mwaka uliotangulia. Kanuni ilipomtaja mchukuzi, na kumkabidhi ufunguo mmoja kati ya miwili, pakacha lilipungua kuvuja.

Msamiati wa wanafunzi na msamiati wa ofisini

Udhaifu wa pili ni wa msamiati. Lugha ya ofisini ina neno moja kubwa, "udanganyifu", na pembeni yake "njia zisizo halali". Wanafunzi wao wana ghala zima. Mwanafunzi wa Tanzania anajua kwamba "kuangalizia" ni kutupa jicho katika karatasi ya jirani. Mwanafunzi wa Kenya anajua kwamba "mwakenya" ni kikaratasi kilichoandikwa kwa herufi ndogo kikafichwa mwilini. Neno hilo limechukuliwa kutoka jina la kikundi cha siri cha kisiasa cha miaka ya 1980, ambacho nacho kilisifika kwa karatasi za kufichwa. Kila neno lina tendo lake, mahali pake na kifaa chake.

Mhakiki hana budi kustaajabu. Walindaji wanazungumza kwa dhana, wanaolindwa wanazungumza kwa matendo. Msimamizi akiambiwa "zuia udanganyifu", hajui aanzie wapi. Akiambiwa "tazama mikono ya mikato ya mashati, tazama chini ya rula, tazama anayekwenda msalani mara mbili ndani ya nusu saa", anajua. Tusione haya kuazima usahihi wa wanafunzi wetu.

Dzaleka: maelekezo yanapovuka lugha

Kambi ya Dzaleka iko wilaya ya Dowa, kiasi cha kilomita 45 kutoka Lilongwe. Enzi za Kamuzu Banda mahali hapo palikuwa gereza. Kambi ilifunguliwa mwaka 1994. Ilikusudiwa watu kati ya 10,000 na 12,000, na leo ina zaidi ya 50,000. Wengi wametoka Kongo ya mashariki, na wengine Burundi na Rwanda. Miongoni mwao Kiswahili ndicho lugha ya soko, ya kanisa na msikiti, ya mpira na ya ugomvi wa bombani. Shule zilizomo hufuata mtaala wa Malawi na hupokea pia watoto wa vijiji jirani, ambao lugha yao ni Chichewa.

Mtoto aliyefika kutoka Uvira au Bukavu akiwa na miaka kumi, baada ya kuanza shule kwa Kifaransa na Kiswahili, anajikuta akiandaliwa kwa mitihani ya Kiingereza, na pia somo la Chichewa lenye karatasi yake. Lugha hizi mbili za Kibantu ni ndugu. Mtoto akisikia "mayeso" atagundua upesi kwamba ndiyo mitihani. Lakini undugu wa maneno haumpi mtu uelewa wa sentensi ya kisheria inayosomwa haraka na mtu mzima mwenye wasiwasi wa saa.

Hapa ndipo suala la ulinzi linapochukua sura nyingine. Dakika chache kabla ya mtihani kuanza, msimamizi husoma maelekezo. Dakika hizo ni sehemu ya ulinzi kama zilivyo kufuli na lakiri, kwa kuwa ndipo mtahiniwa anapoambiwa lipi ni kosa. Asipoelewa, mambo mawili yanaweza kutokea. Kwanza, anavunja kanuni bila kujua kwamba ipo. Pili, anamnong'oneza jirani kwa Kiswahili: "Namba tunaandika wapi?" Msimamizi asiyejua Kiswahili anasikia mnong'ono tu. Hawezi kutofautisha swali la utaratibu na ombi la jibu. Msimamizi anayejua Kiswahili naye yuko matatani: akimjibu mtoto kwa lugha anayoielewa, ofisa anayepita mlangoni anaweza kudhani anatoa majibu. Hivyo mmoja anaadhibu asichokielewa, na mwingine ananyamaza penye haja ya kusema. Katika hali zote mbili, usalama wa mtihani haujaongezeka hata chembe.

Uzito wa jambo hili unatokana na thamani ya cheti kwa mtoto wa kambi. Malawi iliporidhia Mkataba wa Wakimbizi wa 1951 iliweka masharti yake, likiwamo la kutowaruhusu wakimbizi kuishi na kwenda watakako, na mwaka 2023 serikali ilianza kuwarudisha kambini waliokuwa wakiishi na kufanya biashara nje. Njia zilizobaki ni chache, na nyingi hupitia kwenye cheti. Masomo ya juu kwa njia ya mtandao, ambayo Wajesuti waliyaanzisha hapo Dzaleka mwaka 2010, huhitaji mtu aliyemaliza sekondari. Ufadhili wa WUSC, unaowapeleka vijana wakimbizi katika vyuo vikuu vya Canada, huhitaji matokeo mazuri ya kidato cha nne. Kijana wa namna hii hana mjomba katika kiwanda cha uchapaji wala fedha za kununua karatasi iliyoibwa. Mtihani ukivujishwa, anashindana na walioiba. Ukifutwa, anangoja pamoja nao. Na akituhumiwa kwa mnong'ono ambao haukueleweka, hana wa kumtetea.

Uhakiki wa maelekezo: mifano mitatu

Ifuatayo ni mifano tuliyoitunga wenyewe kwa kufuata mtindo uliozoeleka katika maelekezo na kanuni za aina hii. Msomaji aipime kwa yale aliyowahi kuyasikia.

Mfano wa kwanza: "Mtahiniwa haruhusiwi kuingia na kitu chochote kisichoruhusiwa katika chumba cha mtihani." Sentensi hii inazunguka kama ng'ombe wa kinu: kisichoruhusiwa hakiruhusiwi. Mtoto hajui kama kikokotozi kimo au hakimo. Tunapendekeza: "Ingia na kalamu, penseli, rula na kifutio tu. Vingine vyote mwachie mwalimu aliye mlangoni." Nafsi ya pili inamgusa msikilizaji, orodha ni fupi, na mlango unaonekana.

Mfano wa pili: "Udanganyifu wa aina yoyote utapelekea kufutiwa matokeo." Tuliache kando kosa la "kupelekea", ambalo kila mwaka tunalikwangua katika insha za wanafunzi wetu na kila mwaka linaota upya. Tatizo kubwa ni kwamba tendo halimo. Tunapendekeza: "Ukitazama karatasi ya mwenzako, au ukimwonyesha yako, matokeo yenu yatafutwa. Usipoelewa la kufanya, usimwulize mwenzako, nyoosha mkono." Sentensi ya mwisho ndiyo yenye ulinzi mkubwa zaidi, nayo ndiyo huachwa mara nyingi. Inampa mtoto njia halali ya kuuliza kabla hajatafuta isiyo halali.

Mfano wa tatu ni wa wasimamizi: "Usalama wa bahasha uhakikishwe wakati wote." Hii ni kauli ya kutendwa isiyo na mtenda. Wote wanahusika, kwa hiyo hakuna anayehusika. Tunapendekeza: "Saa 1:45 asubuhi msimamizi mkuu anawaonyesha watahiniwa wawili bahasha ikiwa imefungwa. Wanakagua lakiri, wanahesabu bahasha, kisha wote watatu wanatia saini." Hapa kuna saa, kuna hesabu, kuna majina. Jambo likiharibika, tunajua tuanzie kwa nani. Na mtoto, ambaye kanuni zilimjua kama mshukiwa peke yake, amepewa nafasi ya shahidi.

Pingamizi

Kuna wenzetu watakaosema kwamba kuongeza Kiswahili katika chumba cha mtihani huko Dzaleka ni kuongeza mlango mwingine wa wizi. Pingamizi hili si la kupuuzwa. Msimamizi anayetafsiri papo kwa papo anaweza kweli kuongeza neno, na neno moja linaweza kuwa jibu. Ndiyo maana hatupendekezi tafsiri ya papo kwa papo, wala hatupendekezi kutafsiri maswali. Tunapendekeza ukurasa mmoja wa maelekezo, uliotafsiriwa mapema, ukapitishwa na baraza, ukachapwa, na ukasomwa kwa maneno yale yale katika kila chumba chenye watahiniwa wa Kiswahili. Ukurasa huo hauna swali hata moja, kwa hiyo hauna cha kuvuja. Unaweza kubandikwa ukutani wiki mbili kabla na kufundishwa darasani. Siri ya mtihani ni maswali yake. Utaratibu wake si siri, na kadiri unavyojulikana na wengi ndivyo unavyolindwa na wengi.

Wala si jambo geni kwa baraza kusimamia lugha mbili. Tanzania imezoea kutoa mtihani wa darasa la saba kwa Kiswahili, na kwa Kiingereza kwa shule zinazofundisha kwa lugha hiyo. Ikiwa maswali yenyewe yanaweza kulindwa katika lugha mbili, ukurasa wa maelekezo hauwezi kutushinda. Aidha, tangu Agosti 2019 Kiswahili ni mojawapo ya lugha rasmi za Jumuiya ya Maendeleo Kusini mwa Afrika, ambayo Malawi ni mwanachama wake. Hadhi hiyo imesherehekewa sana katika makongamano. Ingefaa ionekane pia ukutani mwa darasa huko Dowa.

Wengine watasema: leteni askari zaidi. Askari wana kazi yao njiani na ghalani, na mfano wa Kenya umeonyesha faida ya kufuli mbili. Lakini ndani ya chumba, bunduki haiwezi kumweleza mtoto aandike namba yake wapi. Tena kwa mtoto aliyekimbia bunduki Kivu, kuiona mlangoni asubuhi ya mtihani si jambo dogo.

Hitimisho

Neno "mtihani" katika Kiswahili lina maana mbili. Ni maswali ya kupima ujuzi, na pia ni msukosuko unaompata mja. Kazi ya ulinzi ni kuhakikisha kwamba maana ya pili haimezi ya kwanza. Kwetu sisi walimu wa lugha, wajibu huo una mambo matatu yanayowezekana bila kungoja fedha za mtu. Katika taarifa na mijadala yetu, tuandike "amevujisha" pale ambapo kuna aliyevujisha, na tuache "umevuja" kwa mapaa. Katika somo la matumizi ya lugha, tuwape wanafunzi kanuni za mitihani wazihakiki kama wanavyohakiki shairi: nani anasema, nani anaambiwa, tendo liko wapi. Na katika mazoezi ya tafsiri, badala ya kurudia matini zilizochoka, tuwape ukurasa wa maelekezo ya mtihani waufasiri kwa mtoto wa darasa la nane aliyefika juzi kutoka Uvira, kisha tuusome kwa sauti na kuona kama ameelewa.

Mwaka utakaofuata kutakuwa na mitihani tena, Lilongwe na Dzaleka, Dodoma na Kisumu. Mapakacha yatafungwa na kubebwa. Kabla hayajaondoka ghalani, kanuni zimtaje kila mchukuzi kwa kazi yake na kwa saa yake.